Risasi Anazojaza Baba Mezani

Ain Zaarur,
Mlima Lebanoni,
19 Novemba 2022.

Mpendwa kaka Nadim,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa nyumba nzima. Hujambo wewe, na Sônia, na watoto? Kifua cha Marcelo kimepona, au bado anakohoa? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Zeituni tumeshazichuma, mafuta mwaka huu ni machache ila mazito. Baba anakula na anatembea. Ningependa kuishia hapo, lakini barua hii nimeianza mara tatu, na mara tatu nimeinuka kwenda kuchungulia dirishani bila sababu.

Uliniuliza kwenye simu kama ile mashine ya kujazia risasi za bunduki ya marisau uliyomletea Baba inalipa, maana unataka kumtumia binamu yetu Shafik nyingine. Nikakujibu "tutazungumza" kwa sababu Baba alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Sasa nakujibu.

Kwa pesa, inalipa kidogo sana. Kweli, risasi za dukani hazishikiki tangu lira ianguke, lakini baruti nayo imepanda, na marisau vilevile. Kwa msimu mzima tunaokoa bei ya kilo chache za nyama, basi. Faida yenyewe ilikuwa Baba. Unajua tangu Mama afariki alikuwa akishinda kitandani amegeukia ukuta. Mashine ilipofika akahamia jikoni. Akawa anaokota maganda matupu, anayafuta, anayajaza, anayapanga kama mayai. Akaanza tena kugombana na redio. Nikasema moyoni, hata ingekuwa inakula pesa, iachwe.

Septemba, siku za kware, baruti yake ikaisha. Akanunua kopo jingine kule bondeni, la rangi ileile. Macho yake unayajua. Hakusoma maandishi, alipima kwa kijiko chake cha siku zote, akajaza ishirini na tano, akampa mume wangu Toufik.

Asubuhi yake Toufik alikuwa ameshaondoka na bunduki ya marehemu baba yake. Nikawa nafuta meza, nikanyanyua kopo, nikasoma. Ilikuwa baruti kali zaidi, ya kutiwa theluthi mbili tu ya kile kipimo cha zamani.

"Baba, risasi za Toufik umepima kwa kijiko gani?"

"Kijiko ni kimoja tu, mwanangu. Kwani vipi?"

Nikamsomea. Aliweka kikombe chini.

Nilimpigia Toufik, simu ikalia chumbani, alikuwa ameisahau. Nikapanda mlima na kandambili. Milio ilikuwa inasikika kutoka upande wa matuta ya mizabibu. Kila mlio nilisimama, na nikisikia unaofuata nashukuru, maana anayefyatua ni mzima. Wa tano. Wa sita. Wa saba ulikuwa na sauti nyingine, kama ubao unaokatika. Wa nane haukuja.

Nilimkuta ameketi kwenye ukuta wa mawe, mkono wa kushoto ameufunga kwa fulana yake. Bunduki ilikuwa chini, mtutu umefunguka kama ganda la maharage. "Nimetazama," akaniambia kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyeumia. "Vidole vyote vitano vipo. Ila viwili vimefupika." Kisha akatapika.

Naye ni kinyozi, kaka. Sasa kitana anakishika kwa gumba na kidole cha mwisho, na wateja wanajifanya hawaoni.

Baba aliifunika mashine kwa shuka. Safari hii hakugeukia ukuta. Ilikuwa mbaya zaidi, maana hakuweza hata kuketi. Alizunguka nyumba kutwa, anafungua droo, anafunga. Toufik akiingia mlango wa mbele, yeye anatoka wa nyuma. Nami nikaambukizwa, nikawa napika huku nasikiliza nyayo zake. Aliniapisha nisikwambie. Mungu anisamehe.

Wiki mbili zilizopita Toufik aliingia jikoni mapema, kabla Baba hajapata pa kutokea, akaivuta ile shuka.

"Mzee, nijazie kumi. Na uniazime bunduki yako."

"Kwa macho gani?"

"Wadad atasoma, wewe utajaza."

"Sina uso wa kukujazia tena, Toufik."

"Na mimi sina vidole vya kujijazia. Sasa tufanyeje?"

Niliubamiza mlango nikatoka. Siku mbili sikumsemesha mume wangu. Yeye aliniambia mara moja tu: "Huyu mzee anakufa huku anatembea. Huoni?"

Naona. Siku ya tatu nikaketi. Tuliitoa ile mizani ndogo iliyokuja na mashine, ikiwa bado kwenye nailoni yake. Nasoma namba, Baba ananitaka niirudie, ndipo anamimina. Risasi kumi zilitumalizia alasiri nzima.

Jumapili iliyopita Toufik alitoka nazo. Mimi na Baba tukapanda juu ya paa, eti tunatazama tangi la maji. Hakuna aliyelitazama. Tulihesabu milio hadi tisa. Wa kumi haukuja. Baba alishika ukingo wa paa, nami nikamshika yeye koti, na tukabaki hivyo hadi kengele ya adhuhuri, hatuthubutu kutazamana.

Toufik akatokea njiani na ndege wanne kiunoni. Ndege waliisha, alisema. Risasi moja ilikuwa mfukoni. Baba aliipokea, akaipasua kwa kisu, akamwaga baruti kwenye mizani.

"Soma."

Nikasoma. Ilikuwa sawa.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akaingia chumbani mwake na viatu, akalala mpaka jioni.

Basi, usimtumie Shafik. Anaishi peke yake, nani atamsomea? Hapa kwetu mashine itabaki. Kesho ni Jumapili, Toufik ameomba kumi nyingine, zipo tayari, na mimi tangu asubuhi sijakaa mahali pamoja.

Shangazi Nazha anakusalimu, na Toufik, na Shafik pia. Mbusu Sônia na watoto. Mungu awalinde huko mliko, na Bikira awafunike kwa vazi lake. Ukiongea na Baba, usimwambie kwamba unajua. Mwulize tu habari za ndege.

Dada yako anayekupenda na kukukumbuka kila siku,
Wadad