Aje na Mumewe

Jumatatu, 3 Machi
Mikumi. Nyumba hadi nyumba tena, kuhamasisha bima ya afya kwa wote. Miguu inawaka. Wanawake wananisikiliza vizuri, kisha wanasema ngoja baba watoto arudi. Nimemchoka huyu baba watoto.

Jioni mdogo wangu Ester kapiga simu toka Vidunda, kule mlimani. Mimba ya kwanza, miezi minane. Kichwa kinamgonga, miguu imevimba. Zahanati ya huko wamemrudisha tena: aje na mumewe. Mpaka leo hajapimwa presha hata mara moja. Yohana, mumewe, yuko Kilangali kwenye kibarua cha shamba la mbegu. Nikamwambia ateremke kwangu. "Dada, mama mkwe hataki niondoke mpaka Yohana arudi."

Jumatano, 5 Machi
Yohana hapatikani. Mvua haikatiki, bodaboda wanakataa kupanda mlima. Nimempigia mama mkwe wake. Shikamoo, marahaba, nikabembeleza. "Mwanangu, mke wa mtu hachukuliwi hivihivi." Nina hasira.

Alhamisi, 6 Machi
Kilosa, mkutano wa wilaya. Nilisimama nikasema bima haina maana kama mwanamke hapokelewi bila mume. Walipiga makofi. Bwana mmoja akajibu kwamba utaratibu huo una nia njema, unawavuta wanaume kliniki. Nia njema! Chai ikaletwa, tukanywa.

Jioni Yohana kapatikana. Anapanda kesho. Nimelia kwa furaha.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Tuliandamana na vitenge vyetu vya sare. Katikati ya hotuba Yohana akapiga. Jana usiku alimkuta Ester na kifafa cha mimba. Walimbeba kwa machela kwenye matope mpaka barabarani, wakapata gari. Hospitali wamemtoa mtoto mzima. Wa kike.

Ester hapana.

Siwezi kuandika.

Jumanne, 11 Machi
Tumemzika. Nesi wa zahanati ya Vidunda alikuja, akanishika mkono, akasema pole dada. Niliutoa mkono wangu nikaenda kuosha vyombo. Sikutaka kumtukana mtu msibani. Namchukia. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenikabidhi mtoto, akaingia ndani.

Ijumaa, 25 Aprili
Kliniki ya mtoto, hapa Mikumi. Yohana alishuka jana kutuona. Amekonda. Mabenchi yamejaa akina mama. Nesi mgeni akatuona, mimi nimempakata mtoto, Yohana pembeni yangu. "Waliokuja na baba watangulie."

Tukatangulia. Mtoto kapimwa, uzito umeongezeka. Nesi akatusifu mbele ya wote. Akaniambia mimi ni mama mwenye bahati.

Yohana aliinamisha uso. Nikasema asante. Tukarudi nyumbani kwa miguu, nikamkorogea mtoto maziwa.