Picha Ambamo Mama Hakufumba Macho

Elwood, Melbourne
9 Machi 1961

Mpendwa mdogo wangu Julius,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako mkorofi. Hujambo huko Montevideo? Kifua kimepona, au bado unavuta sigara zako na kumwambia daktari umeacha? Elvira na binti yenu Nora ni wazima? Mimi mzima, ila magoti hayataki tena ngazi. Najua una miaka miwili hujaniandikia, na sababu naijua. Nakuomba usome hadi mwisho.

Kwanza, furaha. Mirjam wangu amejifungua mtoto wa kike, leo ana siku tano. Ana nywele nyeusi tii na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Jina bado hana.

Wiki hiyohiyo nimeletewa bahasha kutoka Ujerumani. Mwalimu mmoja wa mji wetu wa zamani anakusanya picha za siku zile, akanitafuta mpaka akanipata. Picha zilipigwa na polisi aliyeamriwa kupiga. Ni uwanja wa soko, Aprili 1942, Wayahudi wenzetu wamepangwa mistari na mizigo yao, kila mmoja na namba shingoni. Mama yuko mstari wa tatu. Amevaa lile koti la kijivu lenye kitufe kimoja cha rangi tofauti.

Julius, amefumbua macho! Unakumbuka mpiga picha wetu alivyokuwa akimbembeleza asiogope mwanga wa kamera, "Mama, fumbua kidogo tu, hapa hakuna radi!" Katika albamu yote niliyokuja nayo melini, Mama amefumba. Nilikuwa nimeanza kuyasahau macho yake, sikuthubutu kukuambia. Sasa ananitazama, na aliyetupatia ni yule polisi. Nimelia kwa hasira, kisha nikaibusu picha. Nimemkumbuka Mama mpaka mwili unauma.

Nyuma ya picha mwalimu ameandika tarehe ya treni, na kwamba katika waliopakiwa siku ile hakurudi hata mmoja.

Nora alipozaliwa ulitaka kumwita Jette, jina la Mama. Nikakupigia telegramu: usithubutu. Kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai, nami nilishikilia kuwa Mama yu hai. Uliponisihi niwashe mshumaa wa kumbukumbu ya wafu, nilikuita mchimba kaburi. Neno lile nalijutia. Unajua tulipohama Carlton nilimwachia mwenye nyumba anwani yetu mpya, endapo bibi mmoja wa Kijerumani atakuja kuniulizia? Kila mwaka nilipita kuhakikisha hajaipoteza.

Jana Mirjam alinijia na mtoto begani.

"Mama, basi tena. Bibi angekuwa na miaka tisini sasa. Unangoja abishe hodi? Tumwite huyu Jette."

"Jina hilo si langu kutoa," nikamwambia. "Nilimnyima mjomba wako."

"Basi mwandikie yeye, usininunie mimi!"

Ndiyo maana nakuandikia. Jina lile lilikuwa la Nora, nami nikamnyang'anya kabla hajalivaa. Nisamehe. Ukikataa, mtoto atapata jina lingine na sitakulaumu hata kidogo. Mirjam amekubali tusimpeleke sinagogi kutajwa jina mpaka telegramu yako ifike, iwe ndiyo au hapana.

Nakala ya picha imo humu ndani. Itazame Elvira akiwa karibu yako. Mshumaa nimeshanunua. Siku ya treni ikifika mwezi ujao, ningependa tuwashe pamoja, wewe huko na mimi huku.

Nisalimie sana Elvira, na umbusu Nora kwa niaba ya shangazi asiyemjua. Mirjam anakuamkia. Mungu wa baba zetu awafunike kwa amani yake, na atukutanishe macho kwa macho kabla magoti hayajanishinda kabisa.

Dada yako akupendaye kuliko anavyojua kusema,

Selma

N.B. Leo asubuhi nimekwenda Carlton kwa yule mwenye nyumba, nikaichukua anwani yangu.