Bingwa Aliyeishiwa Saa

Tlawi, Ijumaa

Bado namfikiria yule bingwa wa chesi. Nimeurudia mchezo wake, wa dakika tatu kwa kila mchezaji, kwenye simu na Paulina, huku namnyonyesha mdogo wake. Bingwa alicheza weusi, na askari wake alibakiza hatua moja awe malkia. Mpinzani wake akamtishia mfalme kwa ngome, tishio la bure. Bingwa angemsogeza mfalme popote angeshinda. Akafikiri mno, saa ikamwishia.

"Kama mimi, mama," Paulina akasema.

Shuleni naye alikuwa anashinda. Mzee mmoja akaingia, mtoto akasimama kumwamkia, saa yake inakwenda mpaka ikamwishia. Nitamgombezaje? Adabu hiyo nimemfundisha mimi.

Kesho Katesh wanachagua timu ya mkoa, na babu yake anakwenda kutazama. Nimemwambia Paulina asiinuke babu akiingia. Akalia.

"Babu ataona sina adabu."

Basi nimemfuata baba mkwe mwenyewe, kwa woga. Nimemwamkia, nimemweleza. Akauliza:

"Hiyo saa haimsubiri hata mzee?"

"Haisubiri, baba."

"Basi nitatangulia kuingia. Anisalimie kabla hawajaiwasha."

Nimechoka, ila moyo umetulia kidogo. Kesho akishindwa, ashindwe kwa chesi tu.