Simu Isiyo na Waya Nyumbani kwa Mama

S.L.P. 41,
Mitunguu.
Jumamosi, 20 Aprili 1996. Asubuhi ya mawingu mazito. Maji ya mvua ya usiku bado yanadondoka kwenye migomba.

Mpendwa ndugu yangu Lennox,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko Leicester? Kile kikohozi kimeisha, au baridi ingali inakusumbua? Tafadhali vaa ile sweta uliyofumiwa na Mama, hata kama rangi yake inakuaibisha. Mimi na watoto tu wazima.

Mama anakula vizuri, lakini mwezi jana daktari alirudia yale yale: moyo wake umechoka, na ukimshika tena asicheleweshwe kufika hospitali. Ndiyo maana nakuandikia nikiwa na hofu.

Simu isiyo na waya uliyompa binamu yetu Ruguru atuletee ilifika salama. Uliniomba niiunganishe, na ile ya zamani niitupe. Kwanza niliipima. Nilitembea nayo nikisikiliza mlio wake: jikoni ulikuwa safi, kwenye zizi la mbuzi safi. Katikati ya migomba ukaanza kukwaruza kama mahindi yanayokaangwa. Kwenye mfereji wa kumwagilia, kimya.

Nilimwonyesha Mama mwisho wa kusikika kwake, safu ya tatu ya migomba, naye akaitikia kwa kichwa, nikaiondoa ya zamani ukutani. Lakini tangu siku hiyo aliitia kwenye kiondo akaenda nayo mpaka mfereji, mahali alipokuwa ameacha kwenda. Zamani alikaa karibu na nyumba kwa kuwa alijua simu iko ukutani. Sasa akawa ananiambia, "Niko na Lennox hapa, naogopa nini?"

Jirani yetu Ciakuthii alimkuta ameishika sikioni, akacheka: "Mama Jedidah, hiyo sabuni ya wazungu inaogesha masikio?"

Mama akamjibu, "Cheka tu. Wewe ukiongea unasikika mpaka Mikinduri, simu ya nini?"

Alhamisi stima ilipotea. Simu hii ina kitako kinachochomekwa kwenye stima, na stima ikipotea yote inakufa. Ya zamani haiko hivyo. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Nilipiga nyumbani kutoka ofisini wakati wa chakula, kama kawaida yangu. Iliita, ikaita. Nikapiga tena. Niliomba ruhusa nikakimbia, na njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno ya kukuandikia.

Nilimkuta kando ya mfereji, ameketi kwenye matope, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika simu sikioni. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Nimekuita, Jedidah," aliniambia. "Nimekuita, ukanyamaza."

Tulimfikisha hospitali, akapewa dawa, na jioni tukarudi naye. Sasa anatembea polepole. Lakini mimi kila nikifumba macho naiona ile simu.

Jana niliirudisha ya zamani ukutani. Unaikumbuka ile kufuli tuliyoitia kwenye duara la namba ili wageni wasipige ovyo? Nimeitoa. Heri soko lote lije kupiga. Ile mpya nimeirudisha katika sanduku lake, na Mama hajanisamehe. Anasema nimekunyakua mkononi mwake.

Usinione sina shukrani, ndugu yangu. Zawadi ilikuwa nzuri mno, hata Mama akaiamini kuliko alivyoniamini mimi. Nakuomba, ukipata barua hii, piga Jumapili baada ya ibada, umwambie kwa sauti yako mwenyewe asiende tena mfereji. Mimi ananisikiliza tu, wewe atakutii.

Wasalimie Gedion na mkewe Cicily, waliokupa mahali pa kukaa. Mungu awe nawe uingiapo na utokapo, na atutunzie mama yetu mpaka urudi umwone.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Jedidah.

Jumapili asubuhi. Sikuwa nimefunga bahasha. Usiku nilimsikia Mama akiinua mkono wa simu ya ukutani gizani, akasikiliza, akaurudisha taratibu. Baada ya muda akainuka tena. Nililala saa tisa, alipoacha.