Povu la Siku ya Tatu

Kasuku, Kindu, Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku kwenye vumbi la kiangazi. Mgongo unaendeleaje, na yale macho? Najua Fidele ndiye anayekusomea. Fidele mdogo wangu, usiruke mistari, wala usiongeze ya kwako. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika, la kulia bado linanitii.

Umeniuliza tena narudi Kamina lini, kwa kuwa redio inasema vita vimesogea karibu na huku, na mume wangu aliyenileta huku kwa kazi ya reli tumekwisha kumzika. Nitakujibu. Lakini kwanza nikusimulie kinywaji cha harusi, maana jibu limo humo.

Mwajuma, mjukuu wa jirani yangu Mama Zaina, ameolewa jana. Aliona kwenye simu kinywaji kinachoitwa sangria: matunda yaliyokatwakatwa kwenye bakuli kubwa, divai nyekundu, na mapovu juu. Parokiani kwetu naitengeneza kila kiangazi watoto wakipata komunyo, kwa divai ya boksi. Kwa Mama Zaina, anayeswali swala tano, divai haivuki kizingiti. Nikasema si neno, tutatia maji ya bisapu, lile ua jekundu la kuchemsha, pamoja na mananasi, machungwa, marakuja na papai lisiloiva sana. Mapovu yatatoka kwenye chupa za maji ya gesi.

Mwajuma akakunja uso. "Ya duka tena? Mama aliniambia wakati ya vita ulikuwa unafanya povu na maganda ya mananasi tu. Njo ile ninataka."

Mama Zaina akaurekebisha mtandio wake. Mimi nikabadili mazungumzo.

Wewe ndiye uliyenifundisha povu hilo, kwa hiyo unajua. Maganda yanaoshwa, yanalowekwa na kipande cha muwa, beseni linafunikwa kitambaa. Siku ya kwanza ni maji matamu ya watoto. Siku ya pili yanaanza kunong'ona. Siku ya tatu yanauma pua, na mtu mzima akinywa vikombe viwili anaimba.

Wakati ule wa vita treni zilikuwa zimekatika, sukari imepotea, na bia watu waliiota tu. Wanawake wa upande wa Pangi ndio waliotuletea mananasi, kwa miguu. Sisi tuliotoka Katanga tulihesabiwa wageni, na wenye bunduki waliwauliza wageni kwanza. Wenzetu wawili wa reli walivunjiwa milango. Wetu haukuguswa. Nyumba yetu iko nyuma ya ile ya Mama Zaina, na anayetaka kutufikia lazima apite mbele ya baraza lake. Wengine walisema ni bahati, na mimi sikuwa na maelezo mengine.

Kila baada ya siku chache aliniita kwenye ua. "Odette, leo iko na povu?"

"Iko ya jana, na iko ya juzi."

"Nipatie ya juzi. Chupa mbili."

Nilimpa. Huyo ndiye aliyewalisha wanangu sombe mume wangu alipokuwa amejificha msituni. Ningemwambiaje kwamba hiyo ya juzi ni pombe? Mara ya kwanza nilinyamaza kwa haya. Baadaye kila chupa ilizidi kunifunga mdomo. Nimekaa na hilo miaka yote, Mama: mwanamke aliyetutunza, mimi nikamwachia anywe haramu, na kila Ijumaa nikimwona anakwenda msikitini natazama pembeni.

Na sasa walitaka niinyweshe harusi nzima.

Juzi asubuhi tulikaa barazani kwake tukimenya mananasi, sisi wawili tu. Nikamwambia yote bila kuzunguka. Nilisema ile ya siku ya tatu ni pombe, ilikuwa pombe tangu mwanzo, na nilijua. Niliogopa kuliko nilivyowaogopa wenye bunduki, kwa maana wale sikuwapenda.

Akasimamisha kisu. "Kumbe unafikiri nilikuwa ninaikunywa?"

"Si uliomba chupa mbili?"

"Odette, mi niko na pua! Ile tamu njo nilikunywa. Ile ingine nilikuwa ninapatia wale ya bunduki, pale kwa ngazi. Wanakuja, wanauliza: watu ya Katanga iko wapi? Ninawaambia: mukae kwanza, mukunywe. Wanakunywa, wanacheka, wanasahau kile waliuliza. Wanaenda zao."

Akaendelea kwa sauti ya chini.

"Kunywesha muntu pombe, ile njo zambi yangu. Ninaomba toba mpaka leo. Niliogopa kukuambia. Weye uliniona muntu ya dini."

Nililia, Mama. Kwenye mazishi ya mume wangu nilijikaza, lakini hapo nililia nikiwa na kisu mkononi, hadi akaniambia niweke kisu chini kwanza, kisha niendelee.

Harusi tuliifanya kwa maji ya gesi. Siri yake ni kuyamimina mwisho kabisa, wageni wakiwa wamekaa, la sivyo yanalala. Bakuli la kwanza liliisha kabla ya pilau. Mwajuma alipiga picha nyingi na akasahau kabisa habari ya maganda.

Mama Zaina hakusahau. Juzi hiyo hiyo, nilipoyakusanya maganda niyatupe, alinishika mkono. "Usitupe. Redio, si umeisikia?"

Basi, Mama, sirudi kwa sasa. Nisamehe. Kamina nina ndugu wengi, lakini huku nina mtu anayekaa kati yangu na barabara, na safari hii najua kazi yake.

Nisalimie Fidele na mke wake, shangazi anayeshona sare za shule, na mama yangu wa ubatizo kama bado anagombana na kuku. Barua naipa jirani anayepanda treni, kama itaondoka.

Maganda yamelowa tangu Jumamosi, na leo ni siku ya tatu. Chupa mbili ziko nyuma ya mlango wa Mama Zaina.

Binti yako,
Odette