Kompyuta Tuliyoigawa Juu ya Mkeka

Naipingo,
Nachingwea.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpwa wangu mpendwa Amedeus,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, wewe na mkeo Aurelia na mtoto wenu Happy. Je, kifua cha Happy kimetulia? Wakati wa Noeli ulisema kwamba upepo wa ziwani unamsumbua. Mfunikeni vizuri alfajiri, wala msimzoeshe dawa za dukani.

Sisi huku tunaendelea. Mvua ni nyingi, mahindi yamesimama vizuri, lakini barabara ya Ruangwa imeharibika na umeme hukatika karibu kila jioni. Goti langu la kulia linauma. Dada yangu Gaudensia, mama yako, leo ameshikwa mkono kwenda kanisani, maana macho yake yamepungua sana tangu msiba. Masikio yake bado ni mazima. Anauliza habari zako kila Jumapili, nami kila Jumapili namjibu kwamba hujambo.

Nimepokea ujumbe wako wa simu. Umeanza kwa maneno "Mambo vipi mjomba". Hiyo si salamu ya kumpa mjomba. Nimeichukua kuwa ni shikamoo, kwa hiyo marahaba. Nakujibu kwa barua kwa sababu ujumbe wa simu husomwa mtu akiwa amesimama, na jambo hili nataka ulisome ukiwa umekaa.

Jambo lenyewe ni kompyuta ya marehemu kaka yako Modest.

Hukuwapo tulipoanua tanga mwezi Desemba, kwa kuwa kazini hawakukupa ruhusa. Hivyo nakueleza ilivyokuwa. Unaijua desturi yetu sisi Wamwera: mali ya marehemu hurudi kwenye ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayeigawa. Mjomba ni mimi. Tulitandika mkeka uani, tukatoa vitu vyote vya Modest, ili kila ndugu aondoke na kitu cha kumkumbuka. Baiskeli ilikwenda, redio ikaenda, shoka na makoti yakaenda. Tulipofika kwenye kompyuta, watu walisema ina vipande vingi, basi itawatosha wengi. Nami nikaigawa, kama tunavyogawa majembe. Skrini na ile diski ndogo ya nje nilimpa Bakary, mtoto wa mama yako mkubwa, mwenye banda la kuonyesha mpira Ruangwa. Kibodi ilikwenda huku, nyaya zikaenda kule. Kamera nilimpa mama yako. Sanduku lenyewe la kompyuta nililiweka kwa jina lako, wewe mdogo wake wa tumbo moja.

Hakuna aliyecheka. Tulishukuru kwa sala, tukala ubwabwa, tukaachana kwa amani. Goreti, mke wa marehemu, alikuwa ndani na wanawake. Mjane hasemi siku ile, naye hakusema.

Sasa umeandika kwamba sanduku lako lipelekwe kwa Bakary, mfungue pamoja chumba cha gemu karibu na stendi, na umeorodhesha vitu utakavyonunua: kadi kubwa ya picha, kibodi yenye taa za rangi, skrini ya kukimbiza picha, viti vya kuegemea. Umeandika pia kwamba kompyuta ile "imekaa tu bila kazi".

Haikukaa bila kazi, Amedeus. Ilikatwa viungo.

Wewe ni fundi, na Goreti si fundi, lakini miaka yote alikaa kando ya Modest akikata na kuunganisha video, na mwishoni yeye ndiye aliyekuwa akiketi kwenye kiti huku Modest akizunguka na kamera. Harusi za Nachingwea na Ruangwa, kipaimara, mazishi ya watu wazima, nyingi zilipita mikononi mwake. Ndiyo kazi iliyowalisha wale watoto wawili, na hana nyingine. Nilimsomea orodha yako. Alisikiliza mpaka kwenye viti, kisha akasema:

"Baba, mwenye gemu anataka mashine imchoree picha mpya kila anapogeuka. Mimi picha ninazo tayari. Nataka mashine izifungue, nizikate, nizipange, isinigandie katikati."

Nilimwambia anieleze polepole, nami nikaandika, kwa kuwa mambo haya sikufundishwa wala sikuyafundisha. Kwanza anahitaji diski ya kisasa, ile isiyozunguka ndani, kwa sababu ile ya zamani hupoteza nusu ya siku ikitafuta tu. Pili aongezewe ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi. Sasa zipo gigabaiti nane, na akifika kumi na sita atafanya kazi bila kulia. Anataka diski nyingine kubwa, hata ya mtumba, ya kuhifadhi kazi za watu mahali pawili, na nitakueleza hivi punde kwa nini. Na anahitaji kifaa cha kushika umeme unapokatika, apate kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kadi yako kubwa anasema haihitaji. Iliyomo inatosha, kwa maana yeye hutengeneza kwanza nakala nyepesi za video, hukata hizo, na mwishoni kompyuta hurudisha zile nzito zenyewe. Tena kadi unayoitaka wewe ingelazimu kubadili na pawasaplai, kile kifaa cha kulisha umeme ndani ya sanduku. Kuhusu skrini, hajali kama inakimbia. Anajali kwamba bibi harusi mweusi asionekane wa kijivu.

Nilichunguza kama kuna anasa ndani ya maneno yake. Sikuiona. Hivyo vyote kwa pamoja havifikii hata ile kadi moja ya michezo.

Sasa nikueleze kwa nini nina haraka. Unakumbuka kwamba Modest alifariki mwezi Oktoba akitoka Nambilanje, alikokwenda kurekodi harusi ya Zuhra, binti wa Bi Hajira. Lori lilimgonga kabla hajafika Ruangwa. Begi la kamera lilikuwa mgongoni, na kamera haikupata hata mkwaruzo. Msibani watu walilisema jambo hilo kama vile ni habari njema.

Harusi ile haijawahi kuonwa na wenyewe. Bi Hajira ni mgonjwa. Amerudishwa kutoka hospitali, miguu imevimba, na ndugu zake wameambiwa wamtunze nyumbani. Zuhra amekuja hapa mara mbili kwa pikipiki katika matope haya, naye amefunga Ramadhani. Hakudai kwa ukali. Alisema tu, "Mwalimu, mama anaomba aione akiwa bado anatambua watu." Siku ya harusi Bi Hajira alikuwa jikoni na wapishi tangu asubuhi. Mwanawe akifungishwa ndoa, yeye hakumwona.

Goreti aliitoa kadi ya video kwenye kamera iliyoko kwa mama yako, akaazima kompyuta ndogo ya katibu wa parokia. Video za Modest ni nzito. Kila alipofika kwenye nyimbo za wanawake iliganda, na mara moja ilizima kabisa na kupoteza kazi ya siku nzima. Katibu akaja kuichukua kwa sababu ya taarifa za Kwaresima, na kadi Goreti akairudisha kwenye kamera.

Ndipo nilipokwenda Ruangwa kwa Bakary kudai skrini na ile diski ndogo. Nilimkuta bandani akifunga turubai.

"Mjomba, shikamoo. Umekuja kuangalia mechi? Wewe utakaa mbele bure."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua skrini ya marehemu."

"Ah, mjomba! Leo Namungo wanacheza. Niwaambie watu watazame ukuta?"

"Waambie wasikilize redio. Sisi tulisikiliza redio na magoli tuliyaona."

Alicheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki. Skrini alinipa, nami sina neno baya juu ya hilo. Nikamwuliza diski. Akaileta kutoka chini ya meza, akaifuta vumbi kwa shati lake, na akaniambia kwa furaha kabisa:

"Hii ilikuwa imejaa, mjomba. Harusi za watu, mazishi ya watu, vitu vya miaka. Nikaisafisha yote, nikaweka gemu. Sasa ni nyepesi."

Nilimwuliza kama aliacha chochote. Alinijibu kwamba yeye hafanyi kazi nusunusu.

Sikumgombeza. Nilimpa mimi mwenyewe, juu ya mkeka, mbele ya watu. Kazi yote ya kaka yako ilikuwa humo, Amedeus. Goreti nilipomwambia, alikwenda kuteka maji, na ndoo aliirudisha tupu.

Imebaki harusi ya Nambilanje peke yake. Imebaki kwa sababu ile kadi yake ya video ilikuwa ndani ya kamera, na kamera alipewa mama yako, ambaye aliifunga kwenye khanga, akaiweka chini kabisa ya sanduku lake la nguo, na hakujua hata pa kuibonyeza.

Kwa hiyo nakuandikia kama mjomba wako. Kibodi na nyaya nimezikusanya nyumba kwa nyumba, na nimesikia maneno. Wapo wanaosema mwalimu amezeeka, anagawa mali ya ukoo leo na kuinyang'anya kesho, kumpa mwanamke wa ukoo mwingine. Waseme. Sanduku ni lako, nami sitalitoa bila kinywa chako. Nakutaka uandike kwamba umelikabidhi kwa Goreti, na uweke orodha yako ya gemu kando, ununue ile ya kwake. Fanya hivyo wiki hii, maana Bi Hajira hana wiki nyingi.

Nilitaka kufunga barua hapa, lakini basi la kesho limeahirishwa kwa sababu daraja limeharibika. Nitaipeleka stendi Jumanne.

Jumanne, 11 Machi.

Bi Hajira alifariki jana alfajiri, watu wakila daku, na akazikwa alasiri. Tulikwenda Nambilanje, mimi na Goreti. Nilitupa udongo wangu kwenye kaburi, nikawapa pole wanaume, kisha nikamtafuta Zuhra apokee pole yangu. Alikuwa ameketi na shangazi zake. Aliniamkia kwa adabu, akanishukuru kwa kuja, na akasema, "Mwalimu, ile video sasa haina haraka. Mwambie dada Goreti afanye akipata nafasi."

Alisema kwa upole. Nimefundisha miaka mingi na nimeambiwa maneno makali na wazazi, na hakuna lililonikaa kama hilo.

Tulipofika, mama yako alikuwa amekaa kizingitini na ile khanga mapajani. Nani alimweleza habari za Nambilanje sijui. Akasema, "Kama mtoto wangu yumo humu ndani, niwashieni." Goreti alimwambia kwamba Modest haonekani, yeye ndiye aliyeshika kamera, labda kivuli chake tu ukutani. Mama yako akajibu kwamba macho yake hayaoni hata walioko mbele yake, yeye anataka kusikia.

Goreti akaiwasha. Betri ilikuwa na chaji iliyobaki tangu siku ile, chaji aliyoitia Modest kwa mkono wake kabla ya kuondoka nyumbani. Tulisikia ngoma kidogo na vigelegele, kisha sauti yake karibu sana, kana kwamba amesimama nyuma yetu: "Mama Zuhra, toka kidogo huko jikoni, nikupige na wewe. Usifute jasho, mama, liache, umependeza hivyo hivyo."

Bi Hajira akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akicheka, akijificha uso. Mama yako alisogeza sikio mpaka likagusa kamera. Akasema, "Rudisheni." Goreti akarudisha. Mara ya pili ilifika kwenye "liache", ikazima.

Tukatafuta chaja. Goreti alitafuta ndani, mimi nikatafuta kwenye zile nyaya nilizozikusanya. Haimo. Siku ya mkeka ilikwenda na mtu, nami niliyegawa sikumbuki ni nani, kwa kuwa niliihesabu kuwa waya. Mama yako bado ameishika kamera. Alilala nayo.

Basi nabadilisha niliyoyaandika Jumapili. Sanduku nimempa Goreti leo asubuhi, bila kungoja kinywa chako, na kama ni kosa, niulize mimi kwenye kikao. Wewe tuma diski na ramu, na tuma chaja ya kamera ile. Goreti amekuandikia aina yake kwenye karatasi iliyomo humu. Vitu hivyo vitoke Mwanza na basi la kwanza. Mama yako bado anasikia, nami sitaki siku moja uje hapa, tuketi uani, nikwambie kwamba sasa haina haraka.

Nisalimie Aurelia, na umwambie kitambaa alichotuma, mama yako amekishonesha gauni. Msalimie Happy, na umwambie babu anataka kuona mwandiko wake. Goreti na watoto wanakuamkia. Albina, jirani yenu wa zamani, amesema usisahau kwamba ulikulia kwenye ugali wake. Mama yako hakutuma salamu. Amesema atazungumza nawe mwenyewe, ukija.

Mungu akulinde njiani na kazini, na akupe moyo mwepesi wa kutoa.

Mjomba wako akupendaye,

Ildefonsi