Gari Lililobaki Tunduma Siku ya Maziko

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Dada Mwanaidi aliniambia kwenye simu kwamba sasa unafika kwa jirani bila mkongojo, nikafurahi sana. Mimi ni mzima, ila kuna jambo limenikaa moyoni, na nimeona nikuandikie kwa utulivu.

Dereva mmoja wa Ibaba, huko milimani Ileje, aitwaye Kibona, alituletea pikapu yake tubadilishe klachi. Giaboksi ikiwa bado chini, akapigiwa simu kwamba mama yake, aliyekuwa amelazwa hapa Tunduma, amefariki. Kibona ni kifungua mimba. Akasema mama atarudi nyumbani kwenye gari lake, akiendesha yeye mwenyewe, maana ndivyo marehemu alivyotaka.

Fundi mwenzangu, Simbeye, akashika ncha ya shafti inayoingia kwenye klachi, akaitikisa. "Inacheza kidogo tu. Turudishe."

Hapo wengi hukosea, mama. Kucheza kidogo huku na huku si ugonjwa. Giaboksi ikiwa chini, ncha ile haina cha kuishika. Ikirudishwa, hukaa ndani ya beringi ndogo upande wa injini, ikatulia. Cha kuogopa ni shafti kwenda mbele na nyuma. Nikaivuta na kuisukuma, ikagonga. Nikaizungusha polepole, nikahisi kama kuna mchanga ndani. Beringi yake kubwa ilikuwa imekwisha, na nyingine isingepatikana siku ile. Ikivunjika njiani, gia zinaweza kukwama au kuchomoka, na barabara ile ina miteremko mikali, na wafiwa hukaa nyuma.

"Mwalimu, leo si siku ya darasa," Simbeye akasema, maana huniita hivyo nikianza kueleza. "Watu wana msiba."

"Nitaenda taratibu, mzee," Kibona akasema. "Mama yangu yuko mochwari peke yake."

"Pole, mwanangu. Siwezi kuifunga hivi."

Jeneza liliondoka kwenye lori la mahindi la jirani yake. Kibona alikaa nyuma, mkono juu ya kifuniko, na hakugeuka kututazama.

Alirudi baada ya matanga. Tulikuwa tumeshaitoa ile beringi, imepasuka, gololi zake zimeachana. Akazimimina kiganjani, akazitazama kwa muda mrefu.

"Ningewaua ndugu zangu," akasema. "Lakini bado inaniuma, mzee, kwamba sikumpeleka."

"Najua."

"Mama yako bado yupo?"

"Yupo. Muheza."

"Basi nenda kamwone. Gari langu litasubiri."

Nimeshamwachia Simbeye funguo za karakana. Nakuja, mama. Mwambie dada Mwanaidi asinitandikie chumba cha wageni. Nitalala karibu na mlango wako. Nisalimie shemeji Hamisi, mume wake, na mjomba Shabani, mdogo wako, ambaye najua ataniuliza habari za magari hata kabla sijavua viatu.

Mwanao,
Rajabu